Jackson kamwaga mtama mbele ya mwenyekiti

Rafiki yangu ameshasambaza kwenye magrupu kwamba nilimtukana mwenyekiti wa kikoba. Sikumtukana mtu. Aliyesema ni Jackson, na Jackson mwenyewe si mtu, ni maktaba ya Java (lugha ya kuandikia programu) inayogeuza objekti, yaani rekodi iliyomo ndani ya programu, kuwa JSON, maandishi yanayotaja jina la kila kitu na thamani yake.

Nilikuwa nawatengenezea kikoba programu ya kutunza rekodi zao. Klasi yangu, kiolezo cha rekodi ya kila mtu, inaitwa Mwanachama. Jina, salio, mkopo, vyote nilivipiga `private` (kodi ya nje isiviguse moja kwa moja), nikaviwekea methodi, yaani amri ndogondogo, za `get` za kuvisoma, nikalala fofofo. Humohumo nikaongeza methodi ya kujichekesha usiku, `getMaelezo()`. (Wa Java mmeshaanza kucheka. Tulieni.) Jackson hana habari na milango uliyofunga. Akikuta methodi ya `public` (iliyo wazi kwa wote) inayoanza na `get`, haidai kupewa kitu kwanza na inarudisha kitu, anakata hiyo `get`, anaiandika kwenye JSON kama `maelezo`. Ndiyo kazi yake, hana kosa.

Basi siku ya kuwaonyesha, kurasa zenyewe hazijakamilika, nikajitia ujuzi: "Ngoja muone data ilivyo." Projekta ikapiga ukutani. Rekodi ya kwanza, ya mwenyekiti. Mwenyewe kakaa mbele, miguu kaikunja nne.

Mama mweka hazina akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya matangazo ya msiba. "Jina... sawa. Salio, elfu arobaini... sawa. Mkopo, laki sita... enhe."

Hapo nikaliona neno linalofuata. Nikarukia laptopu, nikaipiga kikumbo mausi, ikaanguka, ikabaki inaning'inia kwa waya wake. Mama hana haraka. Kasogeza miwani puani.

"Maelezo. Kukopa... harusi..."

Akanyamaza. Jamani, kuna Mswahili asiyejua inavyomalizikia? Ukumbi mzima ukaitikia: "Kulipa matangaaa!"

Ningeshukuru ingeishia hapo. Mama akamalizia mstari: "Mpigie kwa namba ngeni."

Mwenyekiti akashusha mguu, polepole. Akaniangalia, akauangalia ukuta, akaniangalia tena. "Kijana wangu, hii kompyuta imeambiwa na nani?"

Nikaomba radhi, nikabandika `@JsonIgnore`, alama ya kumwambia Jackson airuke, juu ya ile methodi, nikawasha upya, ikatoweka. Mkopo kaulipa wiki hiyohiyo.

Jana mama mweka hazina kanipigia, ananong'ona: "Mwanangu, ile ya maelezo irudishe. Halafu, ya katibu inasemaje?"