Nilishika mguu wa mbuzi, sikushika mkia

Kwanza kabisa: sikushika mkia. Nilishika mguu, tena wa nyuma, tena kwa muda mfupi. Somo yangu aliyeirusha ile klipu yangu na mbuzi wa Lushoto kwenye grupu la mtaa jana usiku kaikata pale panapompendeza yeye, na asubuhi hii nimekwenda zangu soko la samaki la Dipsii, hapa Tanga, kununua vibua, muuza samaki kanipokea kwa "meee". Basi ngoja niseme mwenyewe, mcheke mkiwa na habari kamili.

Mnaonifahamu mnayajua maneno yangu. Mimi ndiye niliyepanda mlingoti wa jahazi nikiwa na miaka 12. Mimi ndiye ambaye roho haimchafuki hata bahari ya Pemba ikichafuka yote. Kwa hiyo somo aliposema Jumamosi twende Lushoto, waja leo waondoka leo, nikamjibu, "Mlima una nini?" Na hilo jibu kaliandika juu ya klipu. Mshenzi.

Alfajiri tuko stendi ya Kange. Muheza, Segera, Korogwe, nimelala. Nikaamka Mombo gari linaanza kupanda: kilomita 33 za kona, dereva anapiga honi kila kona asiyoiona mbele, jirani yangu ananyonya ndimu huku kafumba macho, maporomoko ya Soni yanapita dirishani. Hapo sikutapika. Naomba liandikwe.

Kilichonipiga Lushoto ni baridi. Mwezi huu wa Julai sisi Tanga tunajifunika shuka moja tukadhani ndiyo baridi yenyewe. Nimeshuka na fulana na kandambili, meno yakaanza kugongana bila ruhusa. Nikaelewa kwa nini Wajerumani walikuwa wakilikimbia joto letu wakaja kujibanza huku, wakapaita Wilhelmstal. Wao lakini walikuja na makoti! Nikaingia kwenye mitumba sokoni, nikatoka na koti la elfu nane. Jekundu. Kofia yake ina manyoya. Zipu ilipanda vizuri hadi kidevuni, ikagoma kushuka. Somo kaniangalia, kasema, "Limekukaa." Baadaye ndipo nikagundua ni la kike, na yeye aliliona tangu mwanzo.

Tukachukua boda hadi Irente, kwenye lile jiwe la kutazamia.

Sasa hapa tusiende haraka.

Tulipofika ukungu ulikuwa mzito kama tui la kwanza. Mbele hakuna kitu. Juu hakuna kitu. Nikamwambia somo, "Nauli yote ile kuja kutazama tui?" Nikatembea juu ya jiwe kifua mbele, kandambili zinapiga kwata, nikaenda, nikaenda, nikakaa kitako pale jiwe linapoishia, miguu nikaining'iniza kama niko ukingoni mwa gati. "Piga picha," nikasema. "Piga na koti lionekane."

Upepo ukaja.

Ukungu ukafunguka kwa chini kwanza, taratibu, kama mtu anayekunja pazia. Nikaona kandambili yangu ya kulia. Chini ya kandambili nikaona ndege anaruka. Nikajiuliza: mbona namwona mgongo? Pazia likaendelea. Chini ya ndege, kijani. Chini ya kijani, mabati yanayometameta madogo kama visoda, ndiyo Mazinde hiyo, kijiji kizima na watu wake. Barabara kuu kama uzi, na juu ya uzi kuna chawa anatambaa, kumbe ni lori. Karibu mita 1,000 kwenda chini, na kati yangu na hilo lori hakuna kitu ila kandambili ya Sh 3,000.

Mlingoti wa jahazi, jamani, una urefu wa mnazi. Na chini yake kuna maji.

Magoti yaliniaga. Nikataka kumwita somo, sauti ikatoka kama ya mlango. Nikalala kifudifudi, shavu kwenye jiwe, manyoya ya kofia yameniziba jicho moja. La pili likamwona mbuzi. Kasimama mbele yangu, ukingoni kuliko mimi, anatafuna, ananitazama kwa huruma kabisa. Nyuma yake mchungaji, kitoto cha kama miaka minane, pekupeku. Kikasema, "Mjomba, usiangalie chini. Mwangalie mbuzi."

Nikamwangalia mbuzi. Mbuzi akageuka kurudi malishoni. Nami nikamfuata, kwa tumbo, nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni na nyingine ambazo nadhani ni za kuingilia chooni. Alipopiga hatua ndefu nikaona ananiacha. Ndipo nikashika mguu. MGUU. Akalia yeye, nikalia mimi, na ile sauti ya pili mnayoisikia kwenye klipu mkabishana ni ya nani, ni yangu. Haya, mmeridhika?

Wakati huohuo kikapita kikundi cha wanafunzi waliokuja matembezi. Mwalimu wao akawaambia, "Mpisheni mama apite."

Yaliyobaki hayana uzito. Kitoto nikakipa elfu mbili, kikaniuliza kama nataka na maji. Somo alicheka hadi Mombo. Basi la kurudi tulilikuta limejaa, nikasimama hadi Segera nikiwa ndani ya koti, maana zipu ilikuwa bado, na kuanzia Korogwe joto lilirudi kwa hasira. Usiku nyumbani mke wangu kaikata zipu kwa mkasi wa kukatia nguo. Koti kalibakiza, kalishona upya, kasema lake.

Na wewe somo, najua unasoma. Hela ya boda ya kwenda Irente nilikulipia mimi. Elfu tatu. Nirushie leo.