Kumbi mbili zisizopigiana hodi

Makongamano ya Kiswahili niliyohudhuria tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 hayakosi mada ya akili mnemba (AI), na mada hiyo haikosi kukwama palepale: kwenye jina. Huyu anasema akili mnemba, yule akili unde, wa tatu ameshaandika akili bandia kwenye slaidi zake zote na hana nia ya kuzigusa. Mwenyekiti wa kipindi anatazama saa. Dakika ishirini za mtoa mada zinaliwa na istilahi, na swali alilokuja nalo, kwamba mashine hizi zinajifunza Kiswahili cha nani, linasogezwa hadi chai ya saa nne. Kwenye chai watu wanazungumzia nauli.

Vijana wa kompyuta nao wana mikutano yao. Huko data ipo na modeli zipo, ila mara nyingi hakuna mtu ukumbini wa kuwaamulia kama neno "Ikulu" ni mahali au ni taasisi. Nitarudi kwenye Ikulu.

Je, mikusanyiko hii ina faida? Wanaoibeza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Ada ya kushiriki mkutano mkubwa wa kimataifa huhesabiwa kwa mamia ya dola, kabla hujagusa tiketi na hoteli. Mhadhiri wa chuo cha umma anasubiri kibali na fedha, na kinachofika kwanza mara nyingi ni tarehe yenyewe ya mkutano. Akibahatika kwenda, anasoma makala yake mbele ya watu kumi na wawili, anapiga picha na bango, anarudi. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na kabati la mabegi ya makongamano tangu miaka ya themanini, na kila begi lilikuwa na maazimio yake ndani, hayajakunjuliwa.

Halafu kuna viza. Mwaka 2018 mkutano wa NeurIPS, mmoja wa mikubwa kabisa katika fani ya kujifunza kwa mashine, ulifanyika Montréal, na makumi ya watafiti Waafrika waliokuwa wamealikwa kwenye Black in AI, warsha ya watafiti weusi wa akili mnemba, wakanyimwa viza za Kanada. Mwaka uliofuata mkutano ulikuwa Vancouver na kilio kilikuwa kilekile. Unakubaliwa na wataalamu wenzako, kisha afisa dirishani anaona huna sababu ya kutosha ya kurudi kwenu.

Jibu la kwanza lilikuwa kuhamisha mkutano. ICLR ya 2020, mkutano mwingine mkubwa wa fani hiyohiyo, ilipangiwa Addis Ababa. Korona ikaipeleka mtandaoni. Ikaja Kigali tarehe 1 hadi 5 Mei 2023, mara ya kwanza kwa mkutano wa kiwango hicho kufanyika Afrika. Rwanda huwapa wageni viza wakifika, kwa hiyo ile kero ya dirishani ikapungua kwa kiasi kikubwa. Anayetaka kubeza atasema mwaka uliofuata walikwenda Vienna, kisha Singapore, na kwamba hata Kigali lugha ya ukumbini ilikuwa Kiingereza na mada zilichaguliwa kwa vigezo vilevile. Ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyefika Kigali kwa basi kutoka Kampala hawezi kuambiwa kwamba hakupata kitu.

Mfano wenye uzito zaidi kwangu ni Deep Learning Indaba, mkutano wa fani hiyohiyo ulioanzishwa na Waafrika wenyewe mwaka 2017 pale Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, ukaenda Stellenbosch, ukafika Nairobi 2019. Mwaka huohuo wa 2019 ilianza Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika. Jina ni la Kizulu, kwa maana ya tujenge pamoja. Kufikia 2020 walikuwa wametoa kazi ya tafsiri ya mashine kwa lugha zaidi ya 30, na wengi wa washiriki hawakuwa na mafunzo rasmi ya fani hiyo. Hapa pande zote mbili zinadai ushindi. Watetezi wa mikutano wanasema bila Indaba watu hawa wasingejuana. Wapinzani wanasema kazi yenyewe ilifanyika mtandaoni, kwa vikao vya kila wiki, bila ndege wala begi. Naona wote wana haki, kwa kipimo tofauti: kujuana kulihitaji ukumbi, kazi haikuhitaji.

Sasa Ikulu. Mwaka 2021 Masakhane walichapisha MasakhaNER, data ya habari katika lugha 10, Kiswahili, Kiganda, Kijaluo na Kinyarwanda zikiwemo, ambamo majina yamewekewa lebo: huyu mtu, hapa mahali, hili shirika, hii tarehe. Kazi inasikika nyepesi mpaka uikalie. "Wachezaji walialikwa Ikulu": mahali. "Ikulu imekanusha taarifa hizo": taasisi. "Mwalimu alizaliwa Butiama": Mtanzania yeyote anajua ni nani, ingawa jina halikutajwa. Na "Simba"? Simba ameonekana Mikumi, Simba imetoka sare Kirumba. Kiambishi a- kinakuambia ni mnyama, kiambishi i- kinakuambia ni klabu, na hilo ni somo la ngeli ambalo mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili angelieleza kwa dakika tatu, chaki mkononi. Nimeona vijana wenye shahada mbili za kompyuta wakibishana juu ya sentensi kama hiyo asubuhi nzima, kwa Kiingereza.

Kwa upande mwingine, nimeona pia profesa wa isimu akitangaza mimbarini kwamba mashine haitaweza kamwe kuelewa ngeli, akiwa hajawahi kuijaribu hata siku moja. Ukumbi ulimpigia makofi.

Wanainsia wa kidijitali ndio walitakiwa wawe daraja, maana fani yao ni hiyo hasa: kusoma maandishi na utamaduni kwa msaada wa kompyuta. Mkutano wao mkuu wa kila mwaka umeshafika Sydney, Mexico City, Lisbon. Hadi 2025 ulikuwa haujawahi kufanyika kwenye bara hili. Na kazi ya kufanya ipo tele. Miswada ya tenzi za kale kwa hati za Kiarabu imekaa kwenye chuo cha SOAS kule London, Ujerumani, na kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna mkusanyo wa J. W. T. Allen, mtafiti Mwingereza wa tenzi. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili mingi kwa mkono wake, kwa maombi ya Wazungu waliokuwa wakikusanya. Ipige picha miswada hiyo, uipe mashine isome, uone. Katika uandishi wa zamani herufi be ilibeba b, p na mb kwa pamoja. Alama za irabu nazo: kasra ilikuwa i au e, dhamma u au o. Neno moja linaweza kuwa bata, pata, au mbata ile ya nazi. Msomaji wa Lamu anapita bila kusita kwa sababu anajua kisa, anahesabu mizani, na kina kinamwambia irabu ya mwisho ni ipi. Mashine itahitaji kufundishwa na mtu wa namna hiyo, na sijawahi kuona jina la mtu wa namna hiyo kwenye ratiba ya mkutano wa data.

Tena kuna suala la umiliki, ambalo hupewa dakika tano za mwisho. Kongoo ya Kiswahili inayojulikana sana, yaani mkusanyo wa matini kwa ajili ya uchunguzi wa lugha, yenye maneno yapatayo milioni 25, iko Helsinki. Sina ugomvi na Wafini: wameitunza vizuri, na mwanafunzi wa Dodoma anaweza kuiomba leo. Lakini hoja ya kwamba bila wao ingepotea huwa inageuzwa kuwa hoja ya kwamba kila kitu kiachwe wazi kwa wote. Ukiacha wazi sauti za watu wa Pemba, anayezichukua wa kwanza ni mwenye seva kubwa, na Mpemba atazinunua zikirudi kama huduma ya simu. Ukizifunga, anayekosa wa kwanza ni mwanafunzi wa Zanzibar. Waandaaji wakiniuliza, jambo hili ndilo ningelipa siku nzima, na ufunguzi rasmi ningeupa robo saa.

Kwa hiyo sisemi mikutano ifutwe. Nikipewa fedha za mkutano mmoja wa watu mia tatu, ningezigawa kwenye warsha za watu kumi na watano: watano wa kompyuta, watano wa isimu na fasihi, watano wasio na shahada ila wanajua tenzi au wanajua mpira. Meza moja, sentensi elfu mbili, siku nne. Sifahamu wafadhili wangapi wangekubali kulipia kitu kisicho na bango.

Mwaka jana niliandika ikisiri, yaani muhtasari wa mada, kuhusu huyo Simba wa ngeli mbili. Kongamano la Kiswahili lilinijibu kwa heshima kwamba mada ni ya kompyuta. Warsha ya kompyuta ikanijibu, kwa heshima ileile, kwamba mada ni ya isimu. Nimeituma tena kotekote, bila kubadilisha neno.