Shawa nyeusi, kromu na maji ya kisima

Siku hizi mtu akijenga Dar, picha anayomwonyesha fundi ni ya bafu lenye shawa nyeusi ti. Kromu, ile ya kung'aa kama kioo, anasema ni ya gesti.

Simlaumu. Nyeusi isiyong'aa haionyeshi sana alama za vidole, na juu ya vigae vyeupe inapendeza kweli. Shida inaanza maji yakifunguliwa. Anayepata maji ya mto Ruvu kupitia DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ana afadhali. Sisi tunaooga ya kisima karibu na bahari, kila tone likikauka linaacha doa jeupe la chokaa na chumvi. Kwenye kromu doa hilo unaliona ukisogea; kwenye nyeusi unaliona ukiwa mlangoni.

Kwangu tulifunga nyeusi. Ukoko ulipozidi kwenye shina la koki nikausugua kwa stilwaya (kosa langu, najua). Ukatoka, na rangi ikatoka nao. Chini pakabaki kijivu hafifu. Fundi akaipima mkononi, akacheka: zinki.

Hapo ndipo ubishi wa rangi unapotupoteza. Kromu yenyewe ni utando usiofika hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi kubwa ya kuzuia kutu inafanywa na nikeli iliyo chini yake, na chini ya nikeli kuna brasi au zinki. Kromu juu ya zinki, maji ya chumvi yakishapenya, hufura malengelenge na kubanduka vilevile. Kwa hiyo anayeisifu kromu kwa sababu tu ni ya zamani hajasema kitu. Dukani usihangaike na sumaku, haishiki brasi wala zinki. Nyanyua koki mbili za ukubwa mmoja: ya brasi ni nzito zaidi.

Nyeusi nazo hazilingani. Ipo ya kupuliziwa rangi, na ipo ya PVD, ambayo metali hugeuzwa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa, ikagandia juu ya bomba. Hii haikwaruziki ovyo, na bei yake haina mzaha. Ila doa jeupe litakaa juu yake kama kawaida.

Kwa maji ya kisima mimi nafunga kromu juu ya brasi, naifuta kwa siki iliyozimuliwa na kuisuuza papo hapo. Dawa ya choo yenye asidi kali haiisogelei. Nyeusi naiacha kwenye sinki la wageni, ambako taulo linaning'inia jirani.