Mungu Hatukumwacha Ikweta

Wengi wetu tuliohamia kaskazini ya mbali tunao msemo wa kujitetea: Mungu tulimwacha nyumbani. Huku ni baridi, kazi na giza, na imani ikipoa tunailaumu hali ya hewa. Naupinga msemo huo kwa moyo wote. Imani yangu ilihuishwa huku huku, na kilichoianza kazi hiyo hakikuwa mahubiri bali maumbile yenyewe.

Nyumbani, karibu na ikweta, mchana una saa 12 hivi mwaka mzima. Jua linachomoza na kuchwa kwa wakati wake, na ni wachache wanaoketi kuwaza ni nani analichomoza. Ninapoishi sasa, kusini mwa Ufini, mchana wa mwisho wa Desemba haufiki saa 6, na ule wa Juni unakaribia saa 19. Majira ya baridi ya kwanza yalinitisha. Nilikwenda kazini gizani, nikarudi gizani, na sala zikaniishia mdomoni. Baadaye nikajifunza jambo ambalo bado linanistaajabisha: ukijumlisha muda wote ambao jua liko juu ya upeo wa macho kwa mwaka, huku na ikweta karibu ni sawa. Joto halilingani, kwa kuwa jua la huku hupita chini na miale yake huja kwa mshazari. Lakini saa za nuru ni karibu zile zile. Kule hugawiwa kila siku kwa kipimo kimoja. Huku huzuiwa, kisha humwagwa. Ni kuinama kwa dunia tu, nyuzi 23.5 hivi. Mimi nasoma hapo uaminifu wa Mungu, ule ule alioutamka baada ya gharika katika Mwanzo 8:22, kwamba baridi na hari, mchana na usiku, havitakoma.

Na theluji, jamani! Zaburi ya 147 inasema Mungu hutoa theluji kama sufu. Nilipokuwa nyumbani mstari huo ulinipita tu. Huku nimeuona ukifanya kazi: theluji laini hushika hewa ndani yake, huizuia baridi kali isizame udongoni, na chini yake mizizi hubaki hai. Rai, nafaka ya huku inayopandwa mwishoni mwa majira ya joto, hukaa humo miezi kadhaa, tena isipoipata baridi hiyo haitoi masuke inavyopaswa. Mti wa betula nao, ule wenye gome jeupe, huwa umekwisha kuunda machipukizi ya mwaka ujao kabla majani yake hayajapukutika. Aliyewahi kupita katika ukavu wa kiroho ataelewa kwa nini habari za mimea zilinitoa machozi.

Sisemi kwamba nyumbani Mungu haonekani. Mvua ya kwanza baada ya ukame, na nchi nzima ikawa kijani ndani ya siku chache, ni mahubiri tosha. Hata Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu walizitazama tangu zamani kujua majira ya kulima, naziona huku pia usiku wa baridi, na namkumbuka Ayubu alivyoulizwa kama aweza kuufunga mnyororo wa Kilimia. Tofauti ni kwamba kule sifa zilinijia bila kuziita. Huku natafuta, na kutafuta kumenifaa.

Wapo wenyeji wanaoniambia kwamba msitu ndio kanisa lao. Nawaheshimu, maana wanajua kunyamaza mbele ya uumbaji kuliko wengi wetu. Ila hapo siwafuati. Warumi 1:20 inasema uweza wa Mungu wa milele na Uungu wake huonekana kwa kazi zake. Haisemi kwamba msamaha unaonekana hapo. Msitu haujawahi kuniambia dhambi zangu zimeondolewa. Hilo nalisikia kwa Kristo, katika Neno na kwenye meza ya Bwana, nikiwa na wenzangu. Eliya aliisikia sauti ndogo, ya utulivu, pale Horebu, lakini hakuachwa mlimani. Aliambiwa arudi, akapewa kazi, akajulishwa kwamba Israeli wapo watu 7,000 wasiompigia Baali magoti.

Basi ndugu zangu wa ughaibuni, nawasihi tokeni nje hata kwenye baridi, mtazame kazi za mikono yake. Kisha Jumapili tukutane ibadani.