Umeme wa jua ni wa bei rahisi, lakini wa saa ngapi?

Tangu mtambo wa Garissa wa takriban megawati 50 uzinduliwe Desemba 2019, watetezi wa umeme wa jua nchini Kenya wana hoja moja wanayoipenda: jua halinunuliwi, dizeli hununuliwa. Ni kweli. Ila Wakenya hutumia stima nyingi zaidi usiku unapoingia, watu wakiwa wamerudi nyumbani, na saa mbili usiku Garissa haizalishi hata uniti moja.

Wapinzani huishia hapo, nao wanakosea. Mchana mitambo ya jua ikifanya kazi, maji ya Mto Tana yanaweza kubaki bwawani Masinga, yakafunguliwa jioni kuzungusha mitambo ya Gitaru na Kiambere. Kwa hiyo Kenya ina betri tayari, tena ya miaka mingi. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa jua, na ajabu ni kwamba husikika mara chache.

Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayotegemewa kuziba pengo pale wingu linapopita na megawati kushuka kwa dakika chache. Ukame ukibana, kazi hizo mbili zinagombania bwawa moja. Umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria nao hauokoi sana: ni umeme wa kutiririka saa zote, na usiku wa manane mahitaji yakishuka, sehemu ya mvuke huachwa upotee hewani.

Halafu kuna nyaya. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilisimama tayari 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa ikakamilika 2018, na fidia ya ucheleweshaji ikafika mabilioni ya shilingi. Jua kali liko kaskazini, wateja wakubwa wako Nairobi. Mradi mkubwa wa jua ukipelekwa huko utakutana na deni lile lile. (Viwanda vinavyoweka paneli kwenye mapaa yake vimelikwepa kabisa, japo vinamwachia mteja mdogo mzigo wa gharama za gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa.)

Ningekuwa naandika zabuni, ningeuliza bei ya uniti ya saa mbili usiku, betri ikiwemo. Mwekezaji atasema betri ni jukumu la gridi. Kenya Power, shirika linalosambaza umeme, itasema ni la mwekezaji. Hilo likiachwa bila kuandikwa kwenye mkataba, litalipwa na mnunuzi wa tokeni za umeme.