Mnyauko wa viazi hauna dawa ya kupuliza, tuanzeni na mbegu

Juzi nilikua Manyovu kwa mama mdogo, asubuhi tukashuka shambani kwake, viazi mviringo vimestawi kweli ila katikati kuna mashina kama kumi yamelala, majani bado mabichi ya kijani kama yamekosa maji wakati mvua ilinyesha jana yake tu. Akaniambia "mwanangu hapa nshapuliza mara tatu". Nkaomba nione pakiti, ni dawa ya ukungu.

Iliniuma sana aisee. Ukungu ni ule unaochoma majani yanakua meusi, ndo huohuo ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, huo ukiuwahi unapuliza na unapungua. Lakini hii ni mnyauko bakteria, umo kwenye udongo na kwenye mbegu, utapuliza mpaka hela iishe. Tukakata kipande cha shina karibu na ardhi, tukakishikilia kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, dakika chache tu uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka, ndo bakteria wenyewe hao wanatoka. Mama aliinama akauangalia mda mrefu hasemi kitu.

Kwa maoni yangu utafiti wa magonjwa ya viazi ukitaka kutufaa sisi wa Buhigwe na Kasulu huku Kigoma uanzie kwenye mbegu. Viazi vikubwa tunauza, vidogo vinavobaki ndo mbegu, na shina linaloumwa mara nyingi ndo linazaa hivo vidogo, alafu kwenye shamba lenye mnyauko hata shina linaloonekana zima linaweza likawa limebeba bakteria, kwahiyo mbegu ya pale usichukue kabisa. Wataalam wanasema badilisha zao, weka mahindi au maharage misimu kadhaa, sio nyanya wala bilinganya maana ni ukoo mmoja na kiazi. Sawa, ila mwenye nusu eka tu anafanyaje? Hilo ndo swali nataka mtafiti aje alijibu hukuhuku kwenye miteremko yetu, akiwa na wakulima wenyewe. TARI Uyole, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, wako Mbeya, mbali sana na hapa.

Siku ile tuling'oa yale mashina pamoja na udongo wake tukayatoa kwa gunia, na jembe tukaliosha kwa jiki kabla jirani hajaja kuliazima. Msimu ujao mama anaweka mahindi pale, mbegu ya viazi bado hajui ataitoa wapi.