Nani kagusa meza, nani kakaa tu

Aliyesoma chuo anaijua kazi ya kikundi: majina matano kwenye jalada, aliyekesha mmoja, alama sawa kwa wote. Kwa hiyo watafiti walioamua kuhesabu mikono, yaani kupima nani kashiriki kiasi gani kwenye kikundi, mimi siwacheki.

Wanatumia meza ya kompyuta, yaani kioo kilicholazwa ambacho watu kadhaa wanaweza kukigusa kwa pamoja. DiamondTouch, iliyotoka maabara ya Mitsubishi Electric kule Marekani mwaka 2001, ilimtambua mgusaji kupitia kiti alichokalia. Baadaye Chuo Kikuu cha Sydney kikaweka juu ya meza kamera ya Kinect, inayofuatilia watu wanavyosogea, na maikrofoni za kujua nani anaongea.

Nilipolisimulia hili kijiweni Ligula, mzee mmoja alicheka huku akisambaza kete zake za bao. "Huyu anayenishauri hajagusa ubao tangu asubuhi. Meza yako ingemwandika mvivu?"

Ana hoja, tena nzito. Na kwetu kijana aliyekaa na wakubwa hunyamaza kwanza, hata kama jibu analo.

Ila tuitazame hesabu yenyewe. Kipimo kimojawapo ni kile cha Gini, ambacho wachumi hupimia pengo la kipato: 0 ni usawa kamili, 1 ni mmoja kutwaa vyote. Chukua watu wanne, miguso 100. Kila mmoja akigusa mara 25, jibu ni 0. Mmoja akigusa mara 70 na wenzake kumi kumi, 0.45. Mmoja akigusa zote 100 utatarajia 1, lakini unapata 0.75, kwa sababu watu ni wanne tu! Wangekuwa watano ingefika 0.80. Ukilinganisha kikundi cha wanne na cha wanane bila kurekebisha hilo, umeshapotea. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyostahili, nadhani kwa sababu wanaokibeza kipimo hawajafika hapa: wanapinga namba kutoa hukumu, wakati namba yenyewe inakiri mipaka yake.

Sasa rudi darasani. Wanafunzi 60, vikundi 12, mwalimu mmoja. Binti aliyekaa pembeni dakika 40 nani atamwona? Namba haisemi ni mvivu, inamwambia tu mwalimu asogee pale. Huenda akamkuta ndiye mshauri wa wenzake, kama yule wa bao. Huenda pia akakuta kalamu imeshikwa na mvulana mmoja tangu mwanzo na hamwachii mtu, kama nilivyokuwa nikiishika mimi, kisha nikalalamika kwamba wenzangu hawafanyi kazi.